Neno la Miezi Mitatu na Kiti cha Barasa

Mteja akikwambia ana watoto watano, andika kwa penseli.

Mpe chai kwanza. Muulize habari ya mvua, ya bei ya unga, ya goti linalomsumbua. Kikombe kikifika nusu, muulize tena kana kwamba umesahau: "Mzee, ulisema watoto ni wangapi vile?" Atajibu, "Watano. Yaani, wa hapa nyumbani." Nyamaza, unywe chai yako. "Halafu kuna yule mmoja wa Kayole." Endelea kunywa. "Na mapacha." Sasa unaweza kutoa kalamu ya wino.

Ujuzi huo hamtaupata darasani. Mimi niliupata kwa Bwana Salim, wakili mzee wa Majengo kule Pumwani, aliyenichukua nilipotoka chuo kikuu kichwa kikiwa kimejaa vifungu vya sheria. Hakuniongezea hata kifungu kimoja. "Sheria iko kitabuni na kitabu hakiendi popote," alikuwa akisema. "Wanaokwenda ni watu. Hesabu kabla ya chai, halafu hesabu baada ya chai." Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuhesabu mara mbili: watoto, wake, kurasa, hata nyanya. Wauza mboga wa Mutindwa walinijua vizuri na hawakunipenda.

Ofisi yangu ya Umoja, ile ya juu ya duka la rangi, nimeifunga. Nawaandikia nyinyi mnaoingia kazi hii kwa sababu baadhi yenu mmenipigia simu mkiniuliza kama kuandikia watu wasia, kuwapangia mali na kuwatuliza mbele ya watu wa ushuru ni kazi yenye chakula. Ina chakula. Mara nyingi ni mbuzi. Nitaeleza.

Chuoni tuliambiwa kazi hii ni ya familia kubwa, watu wenye mashamba ya chai na nyumba za kupumzikia pwani. Hakuna aliyetuambia kwamba mtu mwenye vyumba kumi vya kupangisha kando ya Barabara ya Kangundo ana ugomvi uleule wa tajiri, tena mkali zaidi, kwa kuwa wanaogombana wanatumia bomba moja la maji. Tajiri akikosana na ndugu yake, mmoja anahamia Ulaya. Wateja wangu walikosana wakiwa kwenye foleni ya choo kimoja.

Na msije mkadharau upande wa ushuru mkidhani ni mambo ya wahasibu. Mtu akifa, madeni yake yanalipwa kwanza ndipo warithi wagawane kinachobaki, na serikali ni mdai asiyesahau. Kwa hiyo kila mwenye nyumba aliyekuja kuniuliza habari ya wasia, nilimuuliza kwanza habari ya ushuru wa kodi anazokusanya. Mazungumzo yalikuwa yaleyale, ningeweza kuyapiga chapa nikayatundika mlangoni.

"Hizo nyumba, wakili, si zangu. Ni za watoto."

"Vizuri. Waje watoto walipe ushuru."

"Watoto ni wadogo, watatoa wapi pesa?"

"Na kodi ya kila mwezi inaingia kwa simu ya nani?"

"Yangu."

"Basi ni zako."

Hapo mteja huangalia dirishani, akasema serikali yenyewe haijawahi hata siku moja kuja kuzibua mfereji ulioziba pale kwake. Ni kweli. Lakini sikuwahi kuona kesi ya ushuru iliyoshinda kwa sababu ya mfereji.

Mmoja aliyeniambia maneno hayo ya mfereji alikuwa Mzee Wekesa, na ndiye ninayetaka mumjue. Alikuwa mtu wa reli. Miaka yake yote ya kazi aliimaliza ndani ya kibanda cha ishara, akiamua treni ipi ipite na ipi isubiri. Alipostaafu alinunua ploti Njiru, wakati Njiru ilikuwa na vumbi kuliko watu, akajenga nyumba yake mbele na vyumba vya kupangisha nyuma. Mkewe alikuwa ameshafariki. Watoto wake walikuwa wawili, na hao walibaki wawili hata baada ya chai: Barasa, kifungua mimba, karani wa ofisi moja Nakuru, na Nafula, aliyerudi kutoka kwa mume akiwa na watoto wake na begi moja, akakaa na baba yake.

Nafula ndiye aliyekuwa akiamka kufungulia wapangaji maji. Ndiye aliyebishana na wenye magari ya kunyonya choo, na ndiye aliyempa mzee dawa. Kule kwao Bungoma binti aliyerudi hana boma, na kwa mume hakuwa na pa kurudi. Akitolewa Njiru, hakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Hilo ndilo lililokuwa mezani tangu mwanzo mpaka mwisho. Mengine yote ni mbuzi na karatasi.

Mzee aliugua vibaya sana mwaka mmoja, akaita watu wakae kitako kama wafanyavyo wazee wa kwao. Barasa alikuja kutoka Nakuru. Alikuja pia Mama Rispa wa kanisani, rafiki wa marehemu mkewe. Mzee akasema mbele yao: shamba la Bungoma ni la Barasa, ploti ya Njiru na vyumba vyake ni ya Nafula, na cherehani ya marehemu ni ya Mama Rispa. Watu wakalia, wakaomba, wakaimba. Kisha mzee akafanya jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelipangia. Alipona.

Nafula alinijia ofisini wiki chache baadaye.

"Wakili, baba si alishasema? Na neno la mzee si ni neno?"

"Ni neno. Sheria yetu inalitambua neno la mdomo likisemwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi. Ila lina muda. Aliyesema anatakiwa afe ndani ya miezi mitatu. Akipitisha hapo, neno limeharibika."

"Kama maziwa?"

"Kama maziwa."

Akaniangalia. "Kwa hivyo wataka baba afe haraka?"

"Nataka aandike."

Basi nikaenda Njiru kumwandikisha. Mzee alikuwa amekaa uani akiota jua, redio mapajani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima zote, halafu akasema, "Wakili, wewe ni mtoto mzuri. Lakini mtu akiandika hiyo kitu, wino haukauki kabla hajazikwa. Nimewaona. Rafiki yangu mmoja wa reli aliandika Jumatatu."

"Alikuwa mgonjwa, mzee."

"Alikuwa na mafua!"

Nilibishana naye vya kutosha kujua kwamba sitamshinda. Kumbukeni hili: mteja anayekataa wasia hakatai sheria, anakataa uhusiano wake na jeneza. Huwezi kumshinda kwa vifungu. Unamwuliza yeye anaweza nini, halafu unafanya biashara na hicho.

"Kuandika hutaki," nikamwambia. "Kusema je?"

"Kusema nasema hata sasa hivi."

"Basi utasema tena. Kila mara kabla ya miezi mitatu kuisha, unawaita, unarudia."

Akafikiri. Jambo lilianza kumpendeza, niliona kwa jinsi alivyopunguza sauti ya redio. "Watu hawawezi kuitwa waje kusikia neno la mzee halafu warudi na njaa," akasema. "Itabidi kuwe na mbuzi."

"Kuwe na mbuzi."

"Na Barasa awepo. Mimi siwezi kugawa mali kiti cha mtoto wangu wa kwanza kikiwa wazi."

Kiti chenyewe kilikuwa sebuleni, karibu na kile cha mzee. Alikiunda mwenyewe kwa mbao kuukuu za mataruma, yale magogo yanayolala chini ya reli. Kilikuwa kizito, huwezi kukiinua peke yako. Sikumuuliza mbao alizipataje, na nyinyi pia msizoee kuuliza maswali ambayo hayahitajiki kwenye faili.

Hivyo ndivyo nilivyojikuta mnunuzi wa mbuzi. Siku ya kikao ikikaribia, nilikuwa napitia Kiamaiko kwa muuzaji mmoja aitwaye Guyo. Nafula alinituma mimi kwa sababu bei ya Guyo ilimtoa machozi. Nikienda mimi, aliyetokwa machozi ni Guyo.

"Huyu ni mbuzi, Guyo, au ni hanga la nguo limevalishwa ngozi?"

"Wakili, huyo amenona. Shika hapa."

"Nimeshika. Nimeshika mbavu."

"Mbavu pia ni nyama! Wewe unahukumu wafu, sasa unaniua na mimi."

"Shusha, halafu uje mwenyewe Njiru umchinje na umchome. Utakula."

Alishusha na akaja, na sikumleta kwa bahati tu. Andikeni hili kwa wino: ukitokea ubishi juu ya kile marehemu alichosema kwa mdomo, mahakama itatafuta shahidi asiyepata chochote. Katika sebule ile kila mtu alikuwa na chake. Barasa alikuwa na shamba, Nafula ploti, Mama Rispa cherehani. Guyo peke yake ndiye aliyeondoka na mifupa.

Siku ya kikao cha kwanza nilieleza wote kwa usawa: kwa nini tuko pale, na neno linadumu muda gani. Barasa alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mikono juu ya zile mbao, akisikiliza kama mtu anayepokea maagizo ya ofisini. Aliuliza swali moja tu. "Miezi mitatu, wakili, inahesabiwa tangu siku aliposema?"

"Tangu siku hiyo."

"Asante."

Lilikuwa swali zuri. Ningemwajiri.

Mtaniuliza, nyinyi watu wa simu: si mngemrekodi? Tulimrekodi. Mtoto wa Nafula alichukua video safi kabisa, mbuzi anasikika akilia kwa nyuma. Simu inathibitisha kwamba mtu alisema. Haisogezi siku yake ya kufa. Siku hizi naona mnafungua mashauri kwa kompyuta mkiwa mmevaa ndala, na mimi sina neno, hata foleni za masijala zilikuwa zinaniharibia viatu. Lakini kompyuta haitawahesabia watoto wa mteja.

Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda vizuri. Mzee alipenda kazi yake mpya. Alinyoa ndevu, alivaa koti lake la reli, akasema neno lake taratibu, na kila mara aliongeza hotuba kidogo mbele na nyuma. Mama Rispa alianza kujua sehemu za kulia. Mimi kwa hesabu yangu, tena ya mara mbili, mbuzi wale walipita ada niliyomtoza mzee. Lakini nilikuwa nakula pia, kwa hivyo sikulalamika kwa sauti.

Kisha Barasa akakosa kikao. Gari lilikuwa limeharibika njiani, akasema kwa simu, pole sana baba. Mzee akaangalia kiti, akasema haidhuru, tule, tutapanga siku nyingine. Nyama ikaliwa, neno halikusemwa. Tukapanga siku nyingine. Asubuhi ya siku hiyo simu ikaja: semina ya kazi, ya ghafla, pole sana baba. Guyo alikuwa ameshafika na mbuzi alikuwa ameshachinjwa. Mbuzi harudishiwi mwenyewe akiwa katika hali hiyo.

Nilihesabu neno la mwisho lilisemwa lini. Nikahesabu tena. Zilikuwa zimebaki siku chache.

Barasa hakuwa mtu mbaya, na nawaonya msizoee kugawa watu kwa wabaya na wazuri, mtaandika hati mbovu. Alikuwa na watoto shuleni na mkopo. Shamba la Bungoma lilitoa mahindi mara moja kwa mwaka; vyumba vya Njiru vilitoa kodi kila mwezi. Neno likiharibika, mali inagawanywa kwa sheria kama vile mzee hakusema kitu, na Njiru inaingia kwenye sufuria moja na shamba. Alichohitaji kufanya ni kutofanya kitu. Hakutukana, hakughushi. Alikosa kuja tu.

Siku hiyo ya semina nilikaa na mzee sebuleni peke yetu. Nafula nilikuwa nimemtuma sokoni akatafute mboga za kutosha. Hilo pia ni la kujifunza: mtu anayegawiwa asiwe chumbani mgawaji anapogawa, asije akaambiwa alimminya mzee mkono.

"Wakili," mzee akasema, "neno langu la mwisho lina umri gani?"

"Linakaribia kuisha."

"Barasa anajua?"

"Niliwaeleza siku ileile, wewe na yeye."

Alikitazama kile kiti kwa muda. "Anajua kuhesabu huyo," akasema. "Nilimfundisha mimi, kwa mabehewa. Alikuwa anakuja kibandani akitoka shule, anayahesabu yakipita. Hakuwa anakosea."

Uani tulisikia Guyo akinoa kisu na Mama Rispa akimwambia asikate mapande makubwa kama ya mahotelini.

"Kule kibandani," nikamuuliza, "mtu wa kukupokea zamu akikosa kuja, ulikuwa unafanya nini?"

"Hutoki. Treni haijui kama mwenzako amelala."

"Na ukizidiwa, ukawa lazima utoke?"

"Unaandika kwenye kitabu cha zamu. Laini hii ina treni. Hii iko wazi. Taa ile imeharibika. Unatia sahihi, yule atakayekuja atasoma."

"Hukuogopa kuandika?"

"Kuogopa nini? Aliyeandika anaenda nyumbani kula ugali." Kisha akayasikia maneno yake mwenyewe. Alinitazama kwa jicho moja, jicho la mtu aliyegundua kwamba amepunjwa bei baada ya kulipa. "Wewe mwanamke ni mwizi," akasema. "Lete karatasi."

"Juu niandike nini?"

"Usiandike wasia. Andika makabidhiano ya zamu."

Niliandika hivyo hivyo. Sheria haijali kichwa cha karatasi. Inajali kwamba mtu ana akili timamu, anajua anachogawa, na ametia sahihi mbele ya mashahidi wawili. Ya akili nilikuwa nimeshaishughulikia, kwa sababu wiki ileile nilimpeleka kwa daktari nikapata barua. Daktari alimuuliza rais ni nani. Mzee akamuuliza daktari kwa nini foleni yake haisongi.

Alitaja ugawaji wake kama kawaida, shamba kwa Barasa, ploti kwa Nafula, cherehani kwa Mama Rispa. Nikadhani tumemaliza.

"Bado kiti," akasema.

"Kiti cha Barasa? Basi akichukue."

"Asikichukue. Andika: kiti cha Barasa kikae hapa Njiru, Nafula akitunze. Barasa akija, akikalie." Alifikiri kidogo. "Na Nafula asimwambie ainuke."

Nikaandika. Nikaita mashahidi. Mama Rispa ndiye aliyefika kwanza, akainama, akachukua kalamu kwa furaha kama mtu anayepewa kitabu cha wageni.

"Mama, weka kalamu chini."

"Kwani sijui kuandika?"

"Unajua. Lakini shahidi anayetia sahihi hapa anaweza kukosa alichoachiwa. Ukiandika jina lako, cherehani nayo unaiweka hatarini."

Aliiachia kalamu ikagonga meza. "Mimi sikuona kitu," akasema, akatoka.

Nikamwita Guyo. Alikuja akijifuta mafuta kwenye aproni.

"Mimi hapa napata nini?"

"Hupati kitu."

"Sasa natia sahihi ya nini?"

"Kwa sababu hiyo hiyo."

Alifikiri juu ya jibu hilo na kuona halina ladha, lakini akatia sahihi. Shahidi wa pili alikuwa mwalimu wa nasari aliyepanga chumba cha mwisho. Akaniuliza kama kodi yake itapunguzwa. Nikamwambia haitapunguzwa. "Basi mimi sina upande," akasema, akatia yake. Mzee alikuwa ametangulia kutia sahihi mbele yao wote wawili, herufi kubwa, kama mtu anayefunga laini. Kisha akauliza nyama imefikia wapi.

Karatasi niliiweka kwenye sefu yangu. Mzee alinikataza kusema, na siri ya mteja si ya wakili kuipigia mbiu. Siku zile chache zikapita. Neno la mdomo likaisha. Na muda mfupi baada ya kuisha, gari la Barasa likapona, na semina zikapungua. Alianza kuja Njiru tena, na matunda mkononi. Alikaa kwenye kiti chake, akaongea na baba yake habari za reli, na Nafula akamletea chai. Mzee aliishi zaidi ya mwaka baada ya hapo. Aliniambia wino umechelewa kufanya kazi yake, na pia kwamba bila vikao nyama imekuwa haba.

Alifariki usingizini. Tulimzika Bungoma. Baada ya matanga Barasa alinijia Umoja, amevaa suti, kwa adabu kabisa.

"Pole na kazi, wakili."

"Pole na msiba, Barasa. Kaa."

"Nimekuja tumalize kwa amani. Neno la baba la mwisho tulilisikia sote. Tangu siku hiyo hadi siku aliyofariki imezidi miezi mitatu. Nimehesabu."

"Umehesabu sawa."

"Kwa hivyo hakuna wasia. Mali inagawanywa kwa sheria. Nafula simfukuzi, ni dada yangu. Lakini vyumba tutaviuza, tugawane, kila mtu ajipange."

"Umehesabu mara ngapi?"

"Mara moja. Kwani inabadilika?"

Nikafungua sefu, nikampa nakala. Alisoma kichwa, makabidhiano ya zamu, akatabasamu kidogo bila kutaka. Akasoma shamba. Akasoma ploti. Akageuza ukurasa kuangalia sahihi, akasoma jina la Guyo na la mwalimu wa nasari, akatafuta kasoro kama ambavyo ningeitafuta mimi. Hakuipata.

"Aliandika lini?"

"Siku ya semina yako."

Nje mtu alikuwa anachanganya rangi kwa mashine, duka lote linatetemeka. Barasa alisubiri mashine izime.

"Angeniambia tu," akasema.

"Alikungoja. Mara mbili."

Akarudi kwenye karatasi, akafika mwisho, pale pa kiti. Alisoma mistari ile muda mrefu kuliko ilivyostahili urefu wake.

"Hiki kiti," akasema, "ni changu au si changu?"

Nyinyi mnaonisoma mtakaa darasani muhula mzima mkifundishwa amana ni nini. Nitawapa kama nilivyompa yeye. "Ni chako kukalia, si chako kubeba. Nafula amepewa kukitunza, lakini hakuna cha kwake ndani yake isipokuwa kazi ya kukifuta vumbi. Faida yote ni yako, na faida hiyo iko Njiru tu. Ukiikosa huko, hutaipata kwingine." Nimewahi kuandika hati za amana za kurasa nyingi zenye wadhamini na kamati. Hakuna iliyokuwa safi kuliko ile ya mistari mitatu.

Barasa alikunja nakala, akaitia mfukoni. Hakusema atapinga mahakamani wala hatapinga. Alishukuru, akashuka ngazi.

Hakupinga. Lakini hata pasipo mpinzani, njia ina vituo vyake: barua ya chifu, tangazo kwenye gazeti la serikali, kusubiri, kuthibitishwa, kusubiri, ofisi ya ardhi, kusubiri. Waambieni wateja mapema. Ushuru wa vyumba mzee alikuwa ameshaumaliza akiwa hai, kwa manung'uniko, na hilo ndilo lililotuokolea miezi mingine.

Hati miliki ilipotoka kwa jina la Nafula niliipeleka mwenyewe Njiru, asubuhi ya Jumamosi. Sikuwa nimepiga simu. Mlango ulikuwa wazi na gari la Nakuru lilikuwa uani. Barasa alikuwa sebuleni kwenye kiti chake, amevua viatu, gazeti limemfunika uso. Hakunisikia nikiingia.

Nafula alikuwa anafagia. Alinikaribisha kwa mkono, bila kelele. Alianzia mlangoni, akapita chini ya meza, akafagia mbele ya kiti cha baba yake. Alipofika kwa Barasa alisimama kidogo, akaangalia ile miguu iliyonyooshwa katikati ya njia yake.

Akainama, akafagia kuizunguka.